Siku Kumi na Mbili na Wifi Khorloo

Nilikwenda kwa kaka yangu Shagdar kulala siku moja tu. Ndivyo nilivyomwambia dereva wa lori aliyenipa lifti kutoka mjini kwetu, kamji kenye shule, zahanati, maduka mawili na kituo cha hali ya hewa ninakofanyia kazi. Alikuwa anapeleka unga kwenye kambi za mbele, tukakubaliana anipitie kesho yake mchana. Nilibeba kipimajoto changu cha mfukoni, soksi pea moja, na mfuko wa peremende kwa ajili ya wifi yangu.

Nilikuwa na habari mbaya ya kupeleka. Kwenye bonde lile simu hazishiki mpaka upande kilima, na kwa siku tatu nilikuwa nikimpigia kaka bila kumpata. Kituoni tulikuwa tumeona dhoruba kubwa inashuka kutoka kaskazini. Nikaomba ruhusa, nikaenda mwenyewe.

"Hamisha mifugo leo," nilimwambia kabla sijamaliza bakuli la kwanza la chai yetu ya maziwa na chumvi. "Wapeleke nyuma ya mlima, kwenye kinga ya upepo."

Shagdar alikuwa na miaka arobaini na sita wakati huo. Ni mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ambayo huwa hajui aiweke wapi akiwa amekaa. Alitazama chini ya bakuli lake.

"Ni kilomita kumi na tano, Tsermaa. Tangu Desemba nyasi ziko chini ya barafu. Kondoo hawa nikiwatembeza mpaka kule, nitafika na mbwa peke yake."

Alisema kweli. Na mimi nilisema kweli. Hilo ndilo lilinitesa baadaye, kwamba hapakuwa na wa kumlaumu.

Mkewe, Khorloo, alikuwa anakanda unga. Ni mwanamke mfupi wa duara, mwenye mwanya na sauti ya kuitia farasi bonde la pili. Watoto wao wawili, Delger na mdogo wake, walikuwa bwenini shuleni kule mjini, na tulimshukuru Mungu kwa hilo.

"Basi tukae tuone," alisema. "Wifi, ongeza chai. Umekuja umekauka kama kuni za mwaka juzi."

Dhoruba ilifika kesho yake kabla ya saa sita. Lori halikuja.

Kwa siku tatu upepo haukunyamaza hata kwa muda wa kumeza mate. Hema letu la duara, la manyoya mazito yaliyogandamizwa, ni hatua saba kutoka ukuta hadi ukuta. Ndani tulikuwa sisi watatu, mbwa, ng'ombe mmoja wa madoa, na kondoo sita waliokuwa karibu kuzaa. Tulining'iniza mawe kwenye kamba ya katikati ya paa ili upepo usilinyanyue hema, na bado kila baada ya muda nguzo zilipiga kelele, sote tukatazama juu. Siku ya kwanza Shagdar alikwenda zizini akishika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni. Siku ya pili upepo ulimwangusha mara tatu, akarudi anatambaa. Siku ya tatu mlango haukufunguka kabisa. Theluji ilikuwa imeuziba.

Sijui kama umewahi kusukuma mlango usiosogea. Nilijikuta nausukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa mguu, huku napiga kelele. Khorloo alinishika mshipi kwa nyuma akanivuta, nikakaa kitako.

"Mlango umekukosea nini?"

"Tumefungiwa! Huoni tumefungiwa?"

"Naona. Sasa vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Taratibu. Tena. Unafanana na ng'ombe aliyekwama matopeni."

Siku ya nne kulinyamaza. Shagdar alipanda kwenye jiko lililopoa, akatokea kwenye tundu la paa, akaruka nje. Tulimsikia akichimba. Mlango ulipofunguka, mwanga ulikuwa mkali kiasi kwamba nililia machozi. Hapakuwa na zizi, wala njia, wala rundo la samadi kavu tunayowashia moto. Palikuwa na weupe tu mpaka mbinguni. Nilitoa kipimajoto. Nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri, na jua linawaka.

Kaka alifika zizini mchana. Alirudi baada ya saa mbili, akavua glovu, akasema, "Mia moja na tisini wamekufa."

Kondoo na mbuzi wake walikuwa mia nne na kumi na mbili. Walirundikana kwenye pembe moja wakitafuta joto, wa juu wakawakandamiza wa chini. Waliobaki walikuwa wanakulana manyoya. Farasi kumi na moja hawakuonekana hata kwato.

Kisha Shagdar alijilaza kitandani upande wa magharibi, akageuza uso ukutani. Khorloo alimpelekea chai ikapoa. Akampelekea nyingine ikapoa.

"Mimi nimeisha, Mama Delger," alisema akiwa amegeukia ukuta. Hakusema neno lingine siku ile.

Nikuambie jambo moja kuhusu mimi. Nikiwa na hofu, nahesabu. Ni ugonjwa wa kazini kwetu. Jioni ile nilihesabu samadi tuliyoweza kufukua, nikagawa kwa siku. Nikahesabu unga. Nikahesabu kilomita hadi mjini na urefu wa theluji, nikasema kwa sauti kwamba gari haliwezi kutufikia kabla ya wiki mbili na moto wetu ni wa siku sita.

"Wifi," alisema Khorloo, "namba zako zitatuua kabla ya baridi. Zifungie kwenye mfuko wako wa peremende."

"Huo ndio ukweli."

"Sijasema ni uongo. Nimesema zifungie."

Nilimchukia, nakiri. Kaka yangu amelala kama gogo, mifugo ya maisha yake yote imekufa, na mke wake anatania.

Asubuhi ya tano alimimina chai kwenye mabakuli matatu, akayaweka mbele yake asitupe.

"Haya. Leo nini hakijafa?"

"Nini?" niliuliza.

"Waliokufa tunawajua, Baba Delger amewahesabu. Nauliza wengine. Taja kimoja. Asiyetaja hanywi."

"Wifi, huu si wakati wa michezo."

"Nani kasema ni mchezo? Chai inapoa."

Nilitazama huku na huku kwa hasira. "Jiko."

"Jiko halijafa. Vizuri sana. Mimi nasema huyu ng'ombe, ingawa harufu yake ingemtosha kufa. Baba Delger?"

Kaka hakugeuka.

"Baba Delger amesema mgongo. Ni kweli, mgongo wa Baba Delger haujafa, tunautazama tangu jana."

Chai ilinitoka puani. Nilicheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka, nikanywa huku nimenuna.

Siku ile nilitaka tuchimbe mpaka zizini, tutoe maiti, tupande kilima kutafuta mtandao, vyote kwa pamoja. Nilianza kuchimba kama mwendawazimu, na baada ya nusu saa jasho lilikuwa linaganda mgongoni. Khorloo alininyang'anya beleshi.

"Leo tunafika kwenye rundo la samadi. Basi. Unachimba mara ishirini, unaingia ndani, unapasha vidole. Halafu ishirini nyingine. Hicho kilima usikiangalie."

"Kwa nini nisikiangalie?"

"Kwa sababu ukikiangalia unasimama."

Tulichimba ishirini ishirini. Ajabu ni kwamba mchana tulifika kwenye rundo. Tukarudi na magunia mawili, nikayaona makubwa kuliko magunia yote niliyowahi kuyaona. Tuliyaweka karibu na jiko yapate joto, na nikajiona nimesimama tu pale nayatazama, sihesabu kitu.

Alasiri hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza barafu ikilia kwenye nguzo. Khorloo alitoa mfuko wa vifupa vya kifundo cha kondoo, vile tunavyochezea tangu utotoni, ambavyo ukivirusha huanguka kwa pande nne: farasi, ngamia, kondoo au mbuzi. Tukacheza. Mwanamke yule ni mwizi wa mchezo asiye na haya. Anageuza kifupa kwa kidole kidogo huku anakutazama machoni.

"Farasi!" alishangilia. "Farasi wa tatu!"

"Huyo ni mbuzi," sauti ilitoka ukutani.

Tuligeuka wote. Shagdar alikuwa amegeuza kichwa kidogo. Tangu jana yake alikuwa hajatamka kitu.

"Mbuzi gani, Baba Delger? Umeona kwa kisogo?"

"Nimesikia alivyoanguka," alisema, akarudi ukutani.

Khorloo alikusanya vifupa taratibu. Akavirusha tena, safari hii bila kuiba.

Lakini siku ya sita Shagdar hakusema lolote, na mbuzi kumi na wanane walikufa. Siku ya saba kondoo wawili kati ya wale wa ndani walizaa, kitoto kimoja kikaja kimekufa, cha pili kikaishi saa moja. Khorloo alikichukua kwa miguu, akasema anakwenda kukitupa nje. Alikawia. Nikavaa, nikamfuata kwenye mtaro wa theluji tuliokuwa tumeuchimba, kuta zake zinanifika kifuani.

Nilimkuta nyuma ya zizi. Alikuwa amepiga magoti, amejaza ngozi ya kondoo mdomoni, anapiga mayowe ndani yake. Sauti haikutoka. Mabega yake tu ndiyo yalirukaruka. Nilisimama, sikujua niende au nirudi. Aliponiona, aliitoa ile ngozi, akafuta uso kwa mkono wa joho lake.

"Umetazama vya kutosha?"

"Wifi..."

"Usiniambie 'wifi' kwa sauti hiyo. Unadhani nilizaliwa nacheka?" Pumzi yake ilikuwa inaganda kwenye nyusi. "Kila asubuhi nikifungua macho, kitu cha kwanza ninachotaka ni kugeukia ukuta kama yeye. Ukuta wa upande wangu uko palepale, nautamani. Nalala hapo kidogo nagombana nao. Halafu naamka nawasha jiko."

"Nilidhani huoni hali yetu. Nilidhani ndivyo ulivyo."

"Naiona kuliko wewe. Wewe umekuja kutembea tu. Hawa kondoo mimi niliwapa majina." Alikitazama kile kitoto kwenye theluji. "Sina dawa yoyote, Tsermaa. Sijui kama tutatoka. Najua tu kwamba kama sote watatu tutalala tukiangalia ukuta, hakuna wa kuwasha moto. Kwa hiyo naamua. Na kesho yake naamua tena, maana ile ya jana haibaki, inaisha kama chai. Inachosha! Mtu haambiwi kwamba inachosha hivi."

Nilipiga magoti karibu naye.

"Kesho ni zamu yako," alisema.

"Zamu ya nini?"

"Ya kuwa mimi. Siku moja tu. Mimi nataka ninune."

Alisema kwa utani, lakini asubuhi ya nane hakuweza kuinuka. Uso ulikuwa unawaka homa, na alipovua soksi vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi. Hakuwa ametuambia. Nilimfunika kila kilichofunikika. Kisha nikageuka nikaona jiko limezima, chungu kitupu, kaka ukutani, wifi chini ya manyoya, ng'ombe ananitazama mimi. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinanitazama mimi.

Nikavuta pumzi kwa pua, nikaitoa kwa mdomo. Nikawasha jiko.

Nilimimina chai. "Leo nini hakijafa?" niliuliza. Ilitoka kama ninavyosoma hali ya hewa redioni.

Kutoka chini ya manyoya Khorloo aliguna: "Loo! Hata maiti wamesinzia. Tia uhai kidogo."

"Nini hakijafa!" nikapaza sauti, mbwa akaanza kubweka. "Mbwa! Mbwa hajafa! Wewe?"

"Ulimi wangu."

"Huo hautakufa kamwe. Kaka?"

Bado alikuwa ameelekea ukutani. Nilitaka kumtania mgongo wake kama Khorloo alivyofanya, nikakosa pumzi ya utani. Nikampelekea chai, nikakaa kitandani pake mpaka ikapoa, nikaimwaga, nikampelekea nyingine. Nilichimba ishirini ishirini peke yangu siku nzima. Kila mara namba zilipoanza kupanda kichwani, siku ngapi, magunia mangapi, niliziambia zisubiri jioni. Jioni ilipofika nilikuwa nimechoka mno hata kuzisikiliza.

Siku ya tisa, baada ya chai, nilimsafisha Khorloo mguu. Nilikuwa nimeinama. Nilisikia mlango, nikadhani ni mbwa. Nilipoinua kichwa, kitanda cha magharibi kilikuwa kitupu. Kofia ya Shagdar ilikuwa bado kwenye msumari, na glovu zake chini yake.

Khorloo aliona nilichokiona. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Kimbia," alisema.

Nilimwona nilipotoka kwenye mtaro. Alikuwa anakwenda upande wa kaskazini, ambako hakuna kambi wala njia. Theluji ilikuwa na ganda la juu linalobeba hatua moja na kuvunjika ya pili. Alikuwa anazama kiunoni, anatoka, anazama tena. Nilimwita. Hakugeuka. Nilimfikia pale alipokwama, karibu na mgongo wa farasi mwekundu uliochomoza kidogo juu ya weupe. Alikuwa amekaa kando yake kana kwamba anapumzika, mikono yake mikubwa imelala wazi magotini, masikio yamekuwa meupe kama nta.

"Rudi nyumbani," alisema. "Nimekuja kutafuta farasi."

"Umempata mmoja. Twende."

"Rudi, Tsermaa."

Niliongea sana. Nilimtajia watoto, nikamtajia marehemu mama yetu, nikamtajia mguu wa Khorloo. Maneno yalimpita kama upepo unavyopita kwenye jiwe. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko dhoruba. Mimi ni mwembamba, yeye ni mara mbili yangu, nisingeweza kumbeba hata hatua tatu.

Basi nikakaa. Nikavua kofia yangu nikamvika yeye kwa nguvu. Nikavua glovu zangu nikaziweka mapajani kwake. Nikaegemea farasi.

"Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Utakufa kwa baridi, mjinga wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeisha. Wewe una kazi yako, una nyumba."

"Basi nitaiacha. Zamu hii ya kumchangamsha kila mtu imenishinda, kaka. Nimeifanya siku moja na nusu tu, nimechoka. Sikusihi tena. Nakaa hapa na wewe, ukiinuka nainuka."

Sikuwa nacheza ujanja. Ninaapa, wakati ule ningekaa kweli. Masikio yaliuma kama yanakatwa, kisha yakaacha kuuma, nikaona hiyo ni nafuu. Sijui tulikaa dakika ngapi. Nilianza kusinzia.

Kofi lilinizindua. Shagdar alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa ghadhabu, ananitikisa mabega.

"Inuka! Inuka, mpumbavu! Tangu utoto ni hivihivi, kazi yako kunifuatafuata! Ulinifuata mtoni ukazama, ulinifuata kwa farasi ukavunja mkono, na kipigo nikala mimi! Inuka!"

Alinivika kofia, akanivika glovu, akanivuta kwa mshipi kama ndama. Njia nzima alinitukana. Alitukana kituo cha hali ya hewa, akatukana lori, akatukana theluji kwa majina ambayo sikujua kwamba anayajua. Siku tano alikuwa hajatoa maneno kumi, sasa yalikuwa yanafurika, naye anazama na kuibuka, anazama na kuibuka, hanisubiri wala haniachi mkono.

Khorloo alikuwa ametambaa mpaka mlangoni. Alitutazama tukiingia. Aliiuma midomo yake, kisha akaiachia.

"Baba Delger," alisema, "hujanywa chai yako. Leo nini hakijafa?"

Shagdar alinisukuma kuelekea jiko. "Huyu mwehu," alisema kwa hasira. "Huyu hapa hajafa, na si kwa akili zake." Kisha akakaa chini palepale alipokuwa, akaweka kichwa mapajani kwa mkewe, akalia kwa sauti kama mtoto mchanga. Khorloo alimsugua masikio kwa viganja, na kwa mara ya kwanza tangu dhoruba alilia mbele yetu. Mimi niliwapa mgongo, nikachochea moto.

Sitadanganya kwamba baada ya hapo alikuwa mtu mpya. Siku ya kumi aliinuka adhuhuri, akarudi kulala alasiri. Lakini katikati ya hapo alikwenda zizini. Alichuna ngozi za waliokufa akawafunga walio hai mgongoni, kila mmoja na koti la mwenzake. Nilimsaidia kushikilia miguu. Tuliwapa makapi ya chai na vidonge vya unga uliokandwa na chumvi, tukiwafungua midomo mmoja mmoja. Kondoo mmoja alimng'ata kidole. Shagdar alikitazama kile kidole muda mrefu, kikivuja damu.

"Huyu ana nguvu," alisema.

Siku ya kumi na mbili tulisikia ngurumo. Nilidhani ni masikio yangu. Ilikuwa trekta kubwa la kusukuma theluji, na nyuma yake lori lilelile la unga, limejaa majani makavu. Dereva aliruka chini akiwa na barafu kwenye masharubu.

"Dada Tsermaa, ulisema nisichelewe," alisema, akataka kucheka, akaona zizi, akavua kofia.

Walimpeleka Khorloo zahanati siku ileile. Vidole viwili vilikatwa. Mifugo ilikuwa imeendelea kufa kila usiku, na waliotoka hai zizini walikuwa sabini na mmoja, na ng'ombe, na mbwa. Farasi mmoja jike alirudi mwenyewe mwezi wa Aprili, mifupa mitupu, hakuna ajuaye alikuwa wapi. Majira ya kuchipua tulizika waliokufa. Ilituchukua wiki tatu, na harufu yake sitaieleza. Shagdar sasa kila akija mjini hupita zahanati kuongea na daktari. Mwanzoni alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma watu wasimwone. Siku hizi anaingia mbele. Bado kuna siku anageukia ukuta. Mkewe ananiambia ni chache, na huwa anamwacha mpaka chai ya pili.

Mwezi wa Oktoba uliofuata, nilikuwa natoka kazini nikamkuta Khorloo amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu na begi, peke yake, anachechemea kidogo alipoinuka.

"Kuna nini? Kaka yuko wapi?"

"Yuko na kondoo wake, mzima kabisa. Mimi nimekuja kununa."

"Kununa?"

"Siku tatu. Kule nikinuna mtu anaogopa. Wewe huogopi, ulishaniona. Usiniulize kitu, usinichekeshe, na chai yako usiweke chumvi nyingi."

Akaingia. Alikaa dirishani siku tatu, uso umemshuka, anatazama watoto wa shule wakipita. Mara nyingine alilia, mara nyingine alilala mchana kutwa. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikapika, nikamwekea bakuli karibu nikaondoka. Mara moja nilisahau nikaanza kumtania, akaninyooshea kidole, nikanyamaza.

Asubuhi ya nne nilimkuta amechana nywele, anafunga begi.

"Umemaliza?"

"Kwa sasa," alisema, akaniomba nimtafutie gari la kwenda bondeni.